Sura ya Saba: Mashine Inayofunguka

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Manispaa ya Temeke, na sehemu kubwa ya shughuli zao za makaratasi hupitia kwenye kompyuta ya mezani iliyowekwa katika chumba kidogo cha kupanga. Maombi ya mkopo wa HESLB, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, kazi za wanafunzi wa chuo cha DUCE pale Chang'ombe, barua ya kuomba kazi, kadi ya harusi, ratiba ya mazishi: vyote huishia steshenari. Kwenye fremu ya jirani kuna mashine yenye diski ngumu tatu au nne inayowawekea wateja filamu kwenye flashi. Singeli, muziki uliokulia uswahilini katika jiji hili la Dar es Salaam, nao umetengenezwa kwenye kompyuta kama hizo; mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ulitoka katika studio ya Mburahati, si katika jengo la kioo. Wenye kazi hizi wakiulizia kompyuta dukani, hujibiwa kwa habari za kasi. Nadhani swali linalowahusu zaidi ni jingine: siku mashine ikizima, itarudi kazini baada ya muda gani na kwa gharama gani? Hoja ya sura hii ni kwamba kwa anayefanya kazi Temeke, kompyuta inayofaa ni iliyoungwa kwa vipande vya kawaida, ambavyo fundi wa mtaani anaweza kutoa kimoja na kuweka kingine bila kuvigusa vilivyobaki. Sababu zake ziko kwenye umeme, kwenye hewa na kwenye soko.

Tuanze na umeme, kwa kuwa ndio muuaji mkubwa. TANESCO inauza umeme wa volti 230, lakini kipimo hicho ni ahadi ya kwenye karatasi. Nyumba iliyo mwisho wa laini, saa moja jioni kila mtu anapowasha jiko, feni na runinga, hupata pungufu. Mgao wa mwaka 2006, wa 2011, na ule wa mwishoni mwa 2023 hadi mapema 2024 ulitokana na uhaba wa uzalishaji, na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeupunguza mno uhaba huo tangu mtambo wake wa kwanza ulipowashwa Februari 2024. Hata hivyo bwawa haliwezi kurekebisha transfoma iliyolemewa Mbagala wala waya uliolegea kwenye nguzo ya Tandika. Umeme utaendelea kukatika kwa sababu za mtaani, na wengi hawajui kwamba madhara makubwa kwa vifaa hutokea unaporudi. Friji na pampu zote za mtaa huanza kwa mkupuo, volti hushuka, kisha hupanda kwa pigo la sekunde chache. Ndiyo maana vilinzi vya friji hutengenezwa visubiri dakika kadhaa kabla ya kupitisha umeme. Kompyuta iliyochomekwa moja kwa moja ukutani haina wa kuisubirishia.

Nyaya za ndani huongeza tatizo. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mtindo wa Kiingereza, na tundu la juu ni la eathi. Katika vyumba vingi vya kupanga tundu hilo lipo kwa sura tu. Nyuma yake hakuna waya, au upo lakini haufiki kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Ekstensheni nyingi za bei nafuu zina nyaya mbili tu ndani, na nani hajaona plagi ya pini mbili ikiingizwa kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la eathi? Kwa chaja ya simu jambo hilo huvumilika. Kwa kompyuta yenye kesi ya bati halivumiliki. Ndani ya pawa saplai mna vichujio vinavyosukuma mikwaruzo ya umeme kwenda eathi; eathi isipokuwepo, kesi nzima hubaki na karibu nusu ya volti za ukutani, ingawa kwa mkondo mdogo sana. Huo ndio mtekenyo anaousikia mtu akiigusa kesi huku yuko peku. Mtekenyo wenyewe hauui, lakini mkondo huohuo ukipenya kwenye waya wa USB unaweza kuunguza mlango wa printa, na siku waya wa moto utakapogusa bati kwa hitilafu, hakuna kitakachokata umeme kabla mtu hajaigusa kesi. Kabla ya shilingi yoyote kwenda kwenye prosesa, fundi umeme apime eathi ya chumba. Ni kazi ya muda mfupi, na sioni kisingizio cha kuiruka.

Baada ya umeme ni hewa. Februari na Machi joto la mchana Dar es Salaam hufika nyuzi 32 hivi kivulini, na ndani ya fremu iliyoezekwa bati bila dari huzidi hapo. Feni ya kompyuta haitengenezi ubaridi, inahamisha joto tu. Chumba kikiwa na nyuzi 35 badala ya 25, kila kitu ndani ya kesi nacho hupanda kwa takribani nyuzi kumi. Wahandisi wa elektroniki wana kanuni ya makadirio isemayo kwamba kapasita zenye maji ya kemikali, vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye bodi na ndani ya pawa saplai, hupoteza nusu ya umri wao kwa kila ongezeko la nyuzi kumi. Betri ya risasi iliyo ndani ya UPS, kile kifaa cha akiba ya umeme, hufuata kanuni kama hiyo, na ndiyo maana iliyotarajiwa kudumu miaka minne au mitano huchoka ikiwa na miwili. Ongeza vumbi la barabara za ndani zisizo na lami, ongeza unyevu na chumvi ya bahari inayovuma kutoka Kurasini, na utaelewa kwa nini miguu ya ramu huota ukungu wa kutu na mashine hugoma kuwaka asubuhi ya masika ilhali jana yake ilikuwa nzima.

Sasa orodha ya majeruhi ikoje? Umeme mbovu huanza na pawa saplai. Joto huanza na feni na kapasita. Unyevu huanza na miguu ya ramu na betri ndogo ya bodi, ile CR2032 ya duara inayotunza saa. Kukatika kwa ghafla hukwangua mafaili yaliyokuwa yakiandikwa kwenye diski. Karibu vyote hivi ni vipande vya bei ndogo ukivilinganisha na mashine nzima, na prosesa, ambayo ndiyo watu huiulizia kwanza, hufa kwa nadra kuliko vyote. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama: mazingira ya Temeke huua vitu vya bei rahisi kwanza, kwa hiyo mashine ya busara ni ile ambayo kifo cha kitu cha bei rahisi hakiburuti vya gharama kubwa.

Uwezekano huo haukuwepo tangu mwanzo. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine ya aina hiyo haikuwa na spea dukani wala fundi nje ya kampuni iliyoiuza, na jaribio la kuendesha hesabu za Hazina kwa kompyuta lilipokwama na kula fedha nyingi, serikali mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Uamuzi ule umechekwa sana tangu hapo. Mimi nauona kama jibu kali kwa swali halali: utakitegemeaje kitu usichoweza kukifungua? Jibu bora lilikuja kutoka sokoni. Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta yake ndogo iliyojengwa kwa vipande vya kununuliwa kwa watengenezaji wengine, ikachapisha na michoro yake ya kiufundi. Muda si mrefu kampuni nyingine, Compaq ikiwa mstari wa mbele, zikawa zinauza mashine zinazoendana nayo. Mwaka 1995 Intel ilitangaza vipimo vya ATX, vinavyosema matundu ya skrubu za bodi yakae wapi na pawa saplai iwe na umbo gani. Vipimo hivyo bado vinatumika. Kesi nzuri ya miaka ishirini iliyopita inaweza kupokea bodi iliyotoka kiwandani mwaka huu, na hakuna kifaa kingine cha elektroniki nyumbani ninachoweza kukisemea hivyo.

Mkazi wa Temeke hahitaji kufundishwa maana ya kuagiza kitu kwa kipimo. Pale Keko mteja huenda kwa seremala na vipimo vya chumba chake, huchagua mninga au mkongo, na akijua kinachobeba uzito wa kitanda hatabania fedha kwenye miguu ili apate nakshi kichwani. Kompyuta ya kuunga inadai akili hiyohiyo. Anza na pawa saplai ya jina linalojulikana, inayopokea volti 100 hadi 240, kwa kuwa hiyo haitetereki umeme ukiwa mdogo. Zile zilizobandikwa karatasi ya wati 500 huku zikiwa nyepesi mkononi mara nyingi zimepunguzwa vichujio vya ndani, na zikiungua huondoka na bodi. Bodi iwe ya kawaida yenye nafasi nne za ramu au walau mbili, isiyo ya kujionyesha kwa taa. Mfumo na programu zikae kwenye SSD, ambayo haina sahani inayozunguka wala kichwa kinachosoma, na mafaili ya kuhifadhi yakae kwenye diski ngumu ya pili. Kadi ya michoro aiache yule asiyehariri video wala kuchezesha gemu. Prosesa yenye michoro ndani inatosha kuchapa, kutuma fomu na hata kutengeneza muziki. Feni moja ya kuingiza hewa mbele yenye chujio la kitambaa, na moja ya kutoa nyuma. Kesi iwe pana, kwa sababu mkono wa fundi lazima uingie.

Halafu UPS, ambayo wengi huikata kwenye bajeti mwishoni, na ndilo kosa linalowagharimu kuliko yote. UPS ya VA 650 yenye kidhibiti volti ndani yake haikupi umeme wa kufanyia kazi jioni nzima. Inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, na katikati ya hapo inainua volti zilizoshuka na kumeza mapigo ya umeme unaporudi. Kuna mafundi wanaoitoa betri yake ndogo na kuunga betri kubwa ya gari ili ikae saa kadhaa. Siiungi mkono kazi hiyo: transfoma ya ndani imepimwa kwa dakika, haikupimwa kwa saa, hupata moto kupita kiasi, na chaja yake haina nguvu ya kujaza betri kubwa. Anayetaka saa kadhaa anunue inveta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Kariakoo na maduka yaliyoenea hadi Mbagala Rangi Tatu: kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zinauzwa kwa bei ambayo mashine ya kuunga kwa vipande vipya haiwezi kuifikia. Hilo ni kweli, na ni mashine imara. Zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi zinazodai kompyuta isiyosumbua. Ramu yake ni ya kawaida, diski ni ya kawaida, na mara nyingi prosesa nayo inabadilika. Ugumu uko palepale mazingira yetu yanapopiga. Modeli nyingi, hasa zile nyembamba, zina pawa saplai ya umbo la peke yake na plagi zisizolingana na za ATX, bodi isiyokaa kwenye kesi nyingine, na wakati mwingine hata feni yenye waya wa mpangilio wake. Pawa saplai ikiungua, spea yake ni kutafuta maiti ya modeli hiyohiyo. Mwenye fedha kidogo namshauri hivi: anunue, lakini achague ile ya kesi kubwa badala ya nyembamba, ahakikishe mtaani kwake kuna nyingi za modeli hiyo, na aitazame kama mwanzo. SSD na ramu atakazoongeza, akichagua za aina inayokubalika kwenye bodi za baadaye, anaweza kuhama nazo. Pingamizi limepunguza dai langu, halijaliangusha.

Mwaka 2025 ulileta ushahidi mwingine. Tarehe 14 Oktoba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi hukataa karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Idadi kubwa ya mashine zilizotumika madukani kwetu ni za kizazi cha sita, cha nne, hata cha tatu. Mwenye kompyuta nyembamba ya aina hiyo ana njia mbili, kuhamia Linux au kuendelea bila kinga. Linux ni njia ya heshima, na kwa steshenari inayofanya kazi zake nyingi kwenye tovuti inatosha. Mwenye mashine ya kuunga ana njia ya tatu: abadilishe bodi na prosesa, na ramu inapobidi, kisha kesi, pawa saplai, diski na feni vibaki. Walionunua bodi za soketi ya AM4 ya AMD mwaka 2017 wamepata bahati zaidi, maana prosesa mpya za soketi hiyo bado zilikuwa zikitolewa mwaka 2024. Wengi wao wameweza kupandisha mashine kwa kusasisha programu ya bodi na kubadilisha kipande kimoja tu.

Wapo watakaosema laptopu ina betri yake na hula umeme kidogo, kwa hiyo mjadala mzima ni wa bure. Kuhusu umeme tuhesabu. Kompyuta ya mezani bila kadi ya michoro, pamoja na kioo chake, tuiwekee wati 80. Saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni uniti 16.6, na kwa shilingi 356 kwa uniti pamoja na tozo ni karibu shilingi 5,900. Laptopu ya wati 25 itakula karibu 1,850. Tofauti ni kama shilingi 4,000 kwa mwezi, kiasi kisichodharaulika, ila mwaka mzima wake humezwa na tengenezo moja la bodi ya laptopu. Kwani humo ndani prosesa imechomelewa kwenye bodi, mara nyingi ramu pia, na kikombe cha chai kilichomwagika kwenye kibodi hushukia kwenye moyo wa mashine. Kibodi ya mezani ikilowa, unanunua nyingine siku hiyohiyo. Anayezunguka kwa wateja anahitaji laptopu na hakuna cha kumbishia. Lakini mashine ya dukani haisafiri, na wepesi wake wa kubebeka humfaa mwizi kuliko mwenye duka.

Suala la bidhaa feki silipuuzi, kwa sababu anayenunua vipande sita hujiweka mbele ya udanganyifu mara sita. Lakini vipande vina faida ya kupimika kimoja kimoja. Flashi na SSD zilizochakachuliwa hutangaza ukubwa ambao hazina. Programu ya bure kama H2testw huijaza diski nzima kisha huisoma upya, na uongo hujitokeza. CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu ya diski ngumu yenyewe na kuonyesha saa ilizowashwa, hivyo diski inayouzwa kama mpya ikiwa na saa 20,000 hujishtaki. Pawa saplai ipimwe uzito na iangaliwe ndani kupitia matundu. Mnunuzi adai risiti inayotaja modeli na namba ya kila kipande badala ya neno moja, kompyuta, na fundi aiunge na kuijaribu mbele yake. Wa kusaidia wapo karibu: VETA Chang'ombe imefundisha vijana wengi umeme na elektroniki, na fundi mwenye mita na anayejua kuitumia ana thamani kuliko mwenye duka la taa nyingi.

Utunzaji wenyewe ni mfupi kueleza. Mashine ikae mezani, kamwe si sakafuni, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu maji ya masika huingia ndani bila kubisha hodi. Matundu ya nyuma yasiyotumika yazibwe. Mende na mijusi hupenda joto la pawa saplai, na mzoga mmoja unaweza kupiga shoti. Kila baada ya miezi mitatu, na lazima kabla ya Machi, izimwe, ichomolewe, ifunguliwe na kupulizwa kwa bloa nje ya chumba, huku panga za feni zikishikwa kwa kidole zisizunguke kwa kasi ya upepo. Miguu ya ramu isuguliwe taratibu kwa ufutio safi. Grisi ya prosesa ipakwe upya joto linapoanza kupanda bila sababu. Msimu wa mvua iwashwe kila siku hata kama hakuna kazi, maana joto lake hufukuza unyevu. Mafaili ya wateja yawe na nakala kwenye diski nyingine inayolala nje ya duka. Na ndani ya kifuniko cha kesi ibandikwe karatasi yenye modeli ya kila kipande, tarehe kilipowekwa na duka kilipotoka, ili fundi atakayeitwa wakati mwenye mashine yuko safarini asianze kwa kubahatisha.